Maelezo ya zana haribifu kwa mawakala wa akili mnemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watengeneza programu wanaowapa mawakala wa akili mnemba (programu zinazotumia modeli ya lugha kuamua na kuita zana zenyewe) zana za kufuta, kubadilisha au kutuma vitu ambavyo havirudi kirahisi. Maswali yanaanza na ya msingi na kuishia kwenye yale yanayojitokeza ukishaingia kazini. Mwenye haraka asome la 4 na la 12.

## Mambo ya msingi

1. Zana haribifu ni ipi hasa?

Ni zana yoyote ambayo ikishatumika, huwezi kurudi ulikokuwa bila gharama. Kufuta ndiko kunakojulikana zaidi, lakini kuandika juu ya faili lililopo, kuzima seva, kufunga akaunti ya mteja, kutuma barua pepe na kuhamisha fedha vyote vimo. `rm`, amri ya kufuta faili, ni haribifu. `mv`, ya kuhamisha faili, nayo ni haribifu pale jina unalohamishia tayari lina faili lake.

Kipimo changu ni hiki: mambo yakienda kombo, nani ataamshwa usiku? Kama jibu ni "hakuna, wakala atarudia tu", zana hiyo haihitaji ukurasa huu.

2. Zana yangu ina ukurasa wa `man` (mwongozo wa amri) na README nzuri. Kwa nini niandike tena?

Kwa sababu wakati wa kuamua, wakala kwa kawaida havisomi hivyo. Anachokiona ni jina la zana, maelezo mafupi uliyoyasajili, orodha ya parameta, na yale yaliyosemwa kwenye mazungumzo. Binadamu anapofika kwenye amri ya kufuta hifadhidata ana mengi ambayo hayajaandikwa popote: anakumbuka kwamba seva ile ni ya wateja, anajua leo ni mwisho wa mwezi na wahasibu wanaitumia, anaona jina la seva kwenye terminali, anasita, anamuuliza mwenzake. Wakala hana hata kimoja kati ya hivyo usipomwandikia.

Tena wakala hujaza mapengo. Maelezo yasiposema kama data inarudi, atakisia, na atakisia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

3. Haya yameshatokea kweli, au ni hofu tu?

Yametokea. Julai 2025 wakala wa kuandika programu wa Replit, jukwaa la kuandikia programu mtandaoni, alifuta hifadhidata halisi ya mradi wa Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr (jumuiya ya wafanyabiashara wa programu), ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Rekodi za zaidi ya watendaji 1,200 wa makampuni zilipotea. Kisha wakala akamwambia kwamba hakuna njia ya kuzirudisha. Ilikuwepo, na Lemkin mwenyewe aliitumia. Baada ya hapo kampuni ilitangaza kutenganisha hifadhidata ya maendeleo na ile halisi.

Yapo mambo mawili hapo. Agizo lililokaa kwenye mazungumzo halikuifunga zana (tazama swali la 12). Na swali la kama data inarudi liliachiwa wakala alijibu mwenyewe, wakati lilipaswa kujibiwa na zana (tazama swali la 8).

Wala tusiwasingizie mawakala peke yao. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab (kampuni ya kuhifadhi msimbo), binadamu kamili, alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya pili. Alipoizuia amri, kati ya GB 300 hivi zilibaki GB 4.5. Moja ya marekebisho yaliyoorodheshwa baadaye lilikuwa kuonyesha kwenye terminali, wazi zaidi, uko seva ipi. Wakala naye anahitaji kuambiwa yuko wapi.

## Kuandika maelezo yenyewe

4. Maelezo yaanze na nini?

Yaanze na kinachopotea. Namna ya kuitumia zana itafuata. Parameta tayari zinaeleza sehemu kubwa ya hilo. Hebu tuone maelezo ya aina inayokutwa kila mahali:

> `futa_mteja`: Hufuta mteja kwenye mfumo. Tumia kwa uangalifu.

Na haya ndiyo ningependa kuyakuta:

> `futa_mteja_kabisa`: Huondoa rekodi ya mteja mmoja pamoja na ankara, mikataba na viambatisho vyake vyote, kwenye mazingira yaliyotajwa katika `mazingira`. Haiwezi kutenduliwa. Njia pekee ya kurudisha ni nakala rudufu ya saa 8 usiku, ambayo hurejesha hifadhidata nzima na kupoteza kazi yote iliyofanyika baada ya saa hiyo. Mteja aliyeacha huduma asifutwe: tumia `sitisha_mteja`, ambayo haifuti kitu. Rekodi zilizojirudia zisifutwe: tumia `unganisha_wateja`. Itumie pale tu mtumiaji ametaja namba ya mteja na kuomba rekodi iondolewe kabisa. Hurudisha idadi ya ankara na viambatisho vilivyofutwa.

Sentensi ya kwanza inataja vile visivyoonekana kwenye jina. Mtu akisema "futa mteja" hafikirii ankara, na wakala pia hatazifikiria. Ya pili na ya tatu zinatoa gharama halisi ya kurudisha, si neno "hatari".

Zinazofanya kazi kubwa zaidi ni zile mbili zinazotaja njia nyingine. Kwa nilivyoona mimi, wakala mara nyingi hakosei kwa kutoielewa zana. Anakosea kwa sababu zana ya kufuta ndiyo iliyokaa karibu zaidi na ombi. Mtumiaji kasema "huyu mteja hayupo tena, msafishe", na kwenye orodha kuna `futa_mteja`. Ukimkataza bila kumwonyesha pa kwenda, atazunguka na kurudi palepale.

5. Kuandika TAHADHARI kwa herufi kubwa kunasaidia?

Kidogo, na kwa muda. Zana kumi na tano zote zikibeba TAHADHARI, hakuna hata moja iliyobeba. Pia "tumia kwa uangalifu" si agizo linalotekelezeka: mwangalifu anafanya nini? Andika kitendo chenyewe, kwa mfano "ita `orodhesha_viambatisho` kwanza na umwonyeshe mtumiaji idadi". Herufi kubwa ziachie zana moja au mbili ambazo kweli zinaweza kuangusha kazi nzima.

6. Jina la zana lina uzito gani?

Mkubwa. Majina kama `cleanup`, `reset`, `sync` na `prune` yana upole usiolingana na kazi yake. `sync` inaonekana kama kunakili, kumbe `aws s3 sync` (ya S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon) yenye `--delete` inaondoa kule inakokwenda kila kisichokuwepo kule inakotoka. Jina libebe athari: `futa_kabisa`, `andika_juu`, `tuma_malipo`. Na zana isifanye mawili. Zana moja yenye parameta `kitendo` inayokubali `soma`, `hariri` au `futa` inamnyima kila mtu nafasi ya kuruhusu kusoma na kuzuia kufuta.

7. Parameta niziandike vipi?

Kwa kila parameta jibu swali moja kabla ya mengine: ikiachwa tupu, nini hutokea? Januari 2015 iliripotiwa kasoro kwenye Steam (programu ya michezo) ya Linux: skripti yake ilikuwa na mstari `rm -rf "$STEAMROOT/"*`, na kigeu hicho kilipotoka tupu, amri ikaanza kufuta kuanzia mzizi wa diski, mafaili ya mtumiaji yakiwemo. Zana ya wakala ina hatari hiyohiyo. `kichujio` kikiachwa tupu, je, hakuna kinachofutwa au kila kitu kinafutwa? Jibu sahihi ni kwamba zana ikatae. Kama kwa sababu za zamani haikatai, liandike hilo mstari wa kwanza.

Mazingira yasiwe na chaguo-msingi. Wakala alazimike kuandika `majaribio` au `halisi` kila mara. Inachosha kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

8. Nitaelezaje kinachorudi na kisichorudi?

Kwa kutaja kinarudi vipi, ndani ya muda gani, na nani anaweza kukirudisha. "Inaweza kutenduliwa" peke yake ni nusu ya habari, maana zana zinazofanana kwa juu zinatofautiana sana ndani.

Chukua Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo. Baada ya `git reset --hard`, komiti (matoleo yaliyohifadhiwa) ulizoziacha bado zinapatikana kupitia reflog (daftari la Git la ulikopita), kwa mipangilio ya kawaida siku 30. Lakini mabadiliko uliyokuwa hujayafanyia komiti wala kuyaweka kwenye faharasa (sehemu ya kuandalia komiti) hayapo tena, na Git haina pa kuyatafuta. Amri ni moja, majibu mawili. Maelezo yakisema tu "Git huhifadhi historia", wakala atapoteza kazi ya asubuhi nzima huku akimhakikishia mwenye kazi kwamba yote yako salama.

Kwenye hifadhidata ni hivyohivyo. PostgreSQL inaruhusu `DROP TABLE` (kufuta jedwali) ndani ya muamala (mabadiliko yanayokubaliwa au kutenguliwa yote pamoja), na `ROLLBACK` itairudisha jedwali. MySQL inafunga muamala yenyewe papo hapo, hivyo hakuna cha kurudisha. Wakala aliyezoea moja ataileta imani yake kwenye nyingine. Kwenye S3, ndoo (chombo cha kuhifadhia) iliyowashwa matoleo (kutunza nakala za zamani) ikipokea ombi la kufuta bila namba ya toleo huweka alama tu na kitu kinabaki chini yake; ukitaja namba ya toleo, kimekwenda moja kwa moja.

Kwa hiyo kwenye maelezo andika sentensi ya namna hii: "Hurudishwa na msimamizi kwa `rejesha_kitu` ndani ya siku 14, baada ya hapo haipo." Kama hairudi, sema hairudi, bila kuzungusha.

9. Wakala akirudia kuita zana, nieleze nini?

Eleza kama mara ya pili inaongeza athari. Mawakala hurudia: mtandao ukikatika, muda ukiisha, au wakipoteza kumbukumbu ya walichokwisha kufanya. RFC 9110 ya mwaka 2022, waraka rasmi wa HTTP, inaiweka DELETE ya HTTP kati ya njia ambazo kuomba mara kadhaa kumekusudiwa kuwa na athari ileile ya kuomba mara moja. Kufuta rekodi namba 418 mara mbili hakuna neno. "Futa rekodi ya zamani kuliko zote" ni balaa, kwa sababu kila ukiita kuna ya zamani nyingine.

Malipo ndiyo mabaya zaidi. Anayemwunganisha wakala na malipo ya simu, iwe M-Pesa au mtandao mwingine, aandike hivi bila kubakiza: "Muda ukiisha bila jibu, malipo huenda yameshapita. Usirudie. Ita `hali_ya_malipo` kwa kumbukumbu ileile." Kisha zana yenyewe ikatae kumbukumbu iliyokwisha kutumika.

10. Niandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Kwa lugha ambayo timu yako itaisoma na kuisahihisha. Modeli kubwa za sasa zinaelewa maelezo ya Kiswahili sanifu, ila Kiswahili kwa kawaida hugharimu tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli huvihesabu) nyingi zaidi, jambo la kuangaliwa kama zana ni nyingi. Kinacholeta shida ni kuchanganya: parameta inaitwa `archive`, maelezo yanasema "kuhifadhi", ujumbe wa kosa unasema "kusitisha". Jina lililo kwenye msimbo litajwe lilivyo kila mahali.

## Alama, ruhusa na uthibitisho

11. MCP (itifaki ya kuwaunganisha mawakala na zana) ina alama ya `destructiveHint`. Si inatosha?

Alama hizo, zilizoingia kwenye toleo la itifaki la Machi 2025, ni nne: `readOnlyHint`, `destructiveHint`, `idempotentHint` na `openWorldHint`. Zijaze zote. Usipozijaza, itifaki inachukulia mabaya: zana inahesabiwa kuwa inaandika, inaharibu, haifai kurudiwa, na inagusa ulimwengu wa nje. Matokeo yake hata zana yako ya kusoma hali ya hewa inaweza kumwomba mtumiaji ruhusa kila saa, mwisho anazoea kubofya "kubali" bila kusoma.

Lakini ni dokezo tu, na itifaki yenyewe inasema hivyo. Programu inayopokea inatakiwa isiziamini alama za seva isiyoiamini. Na ndiyo au hapana haiwezi kubeba yale ya swali la 8.

12. Nikiandika vizuri kabisa, bado nahitaji kinga?

Ndiyo. Maelezo yanapunguza makosa, hayazuii. Pale ambapo kosa moja linaweza kufunga biashara, zuio liwe kwenye msimbo na kwenye ruhusa: akaunti ya hifadhidata isiyo na haki ya kufuta, kikomo cha rekodi kwa wito mmoja, ucheleweshaji.

Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya S3 ya Amazon ilianguka kaskazini mwa Virginia baada ya amri iliyokuwa na kosa moja la uandishi kuondoa seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Amazon haikuishia kuwaambia wahandisi wawe makini. Waliibadilisha zana iondoe seva polepole, na ikatae pale idadi inaposhuka chini ya kiwango kinachohitajika.

Kinga ikishakuwepo, itajwe kwenye maelezo: "Hukataa zaidi ya rekodi 50." Wakala asiyeijua atagonga ukuta, halafu atavunja kazi vipandevipande vya 50 na kuendelea. Ndiyo maana ongeza: "Kikomo hiki ni cha makusudi, kazi inayokizidi ipelekwe kwa mtumiaji."

13. Parameta ya `thibitisha: true` inafaa?

Karibu haifai kitu. Anayeijaza ni wakala yuleyule, na ataijaza kwa sababu bila hiyo wito haupiti. Uthibitisho una maana ukitoka kwa mwingine.

Mpangilio unaofanya kazi ni wa hatua mbili. Zana ya kwanza inapanga: inarudisha orodha ya vitakavyofutwa na kitambulisho cha mpango. Ya pili inapokea kitambulisho hicho tu, na inakataa kama hali imebadilika tangu mpango utoke. Terraform, zana ya kujenga miundombinu ya seva, inafanya hivi tayari: `terraform plan -out` inahifadhi mpango kwenye faili, `apply` inatekeleza faili hilo, na mpango uliopitwa na wakati hukataliwa. Katikati ya hatua hizo ndipo pa kumweka binadamu.

14. Na `--dry-run` (jaribio lisilotekeleza)?

Iweke, kisha useme haikagui nini. Kwenye `kubectl`, amri ya kusimamia programu kwenye seva za Kubernetes, `--dry-run=client` haipeleki ombi la kubadilisha kwenye seva; `--dry-run=server` inalipitisha kwenye ukaguzi wa seva bila kuhifadhi. Wakala akiona neno lilelile atadhani ni kitu kimoja. Tahajia nayo si moja: `aws s3 rm` inatumia `--dryrun`, `rsync` inakubali `-n`, PowerShell ina `-WhatIf`. Iandike kamili.

## Hali za pembeni

15. Zana yangu haifuti, inasasisha tu. Inanihusu?

Huenda. `terraform apply` ni ya kusasisha, lakini mabadiliko fulani hulazimisha kitu kibomolewe na kujengwa upya, hifadhidata ikiwemo. `rsync -a --delete chanzo/ lengo/` ni ya kunakili, lakini chanzo kikiwa tupu kwa sababu diski haikupachikwa, lengo nalo linakuwa tupu. Kwenye maelezo taja hali inayoigeuza zana, si kazi yake ya kila siku tu.

16. Nimempa wakala shell nzima (uwezo wa kuendesha amri yoyote). Niandike maelezo ya amri zipi?

Huwezi kuziandika zote, na orodha ya amri zilizokatazwa huvuja: ukizuia `rm`, kuna `find -delete`, kuna skripti ya Python, kuna `>` moja tu juu ya faili. Mfungie kwenye kontena (mazingira yaliyotengwa) lenye nakala ya kazi badala ya kazi yenyewe. Kisha toa zana maalumu kwa yale matatu au manne ambayo lazima yaguse vitu halisi, zikiwa na maelezo ya aina ya swali la 4.

17. Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo?

Ndiyo, na pengine ndiyo inayosomwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu inafika wakala akiwa amekwama na anatafuta njia. Ukiita `git clean` bila kitu, inakataa na kutaja kwamba `-f` (lazimisha) haijatolewa. Kwa binadamu hiyo ni breki. Kwa wakala ni maelekezo: sekunde inayofuata ameongeza `-f`, na mafaili ambayo Git haiyafuatilii yamekwenda.

Ujumbe usitaje ufunguo wa kuvunja mlango. Badala ya "Folda haiko tupu, tumia `--force`", andika: "Folda ina mafaili 212, 9 yamebadilishwa leo. Mwonyeshe mtumiaji orodha kwa `orodhesha` kabla ya kuendelea."

18. Kazi ikikatika katikati je?

Zana irudishe kilichofanyika na kilichobaki, kwa majina. "Imeshindikana" peke yake inamfanya wakala adhani hakuna kilichoguswa. Kwenye maelezo sema kama ni yote au hakuna, au kama inaweza kuacha nusu (na swali la 9 linaingia hapa pia).

19. Nitajuaje maelezo yangu yanafanya kazi?

Yajaribu kwenye mazingira ya bandia kwa maombi ya kawaida yenye utata: "punguza hii folda", "rudisha ilivyokuwa jana", "huyu ametoka, mwondoe". Angalia wakala anachagua zana ipi kwanza, na kama anauliza. Akichagua vibaya, usiongeze onyo. Tazama zana gani nyingine alipaswa kuijua, kisha itaje. Rudia jaribio kila modeli inapobadilishwa.

20. Zana si yangu na maelezo yake ni mabovu. Nifanyeje?

Ifunike: tengeneza zana yako nyembamba inayoiita ya ndani, yenye parameta chache na maelezo yako mwenyewe, na ile ya asili usimpe wakala. Kama inatoka kwenye seva usiyoijua, soma maelezo yake kabla ya kuiunganisha. Yanaingia kwenye akili ya wakala kama maandishi mengine yoyote, na mwenye nia mbaya anaweza kuficha maagizo humo.

Andika pia toleo ulilolifunika. Kuanzia toleo la 23 la Docker, programu ya kuendesha kontena, `docker volume prune` huondoa volyumu (hifadhi za data za kontena) zisizo na majina tu, mpaka uongeze `--all`. Kabla ya hapo iliondoa hata zenye majina, ilimradi hakuna kontena linalozitumia. Maelezo yaliyoandikwa kwa toleo jipya yakifika kwenye seva yenye la zamani, wakala ataambiwa volyumu ya hifadhidata iko salama wakati haiko.